Gari Lililokunja Miguu

Ndugu msomaji, nilipomaliza kidato cha nne na majibu yakatoka yalivyotoka, mjomba alinishika mkono akanipeleka gereji moja pale Gerezani, Dar es Salaam, nikawe spana boi. "Riwaya utaandika usiku," aliniambia. "Mchana shika spana." Wakati ule nilimwona kama mtu anayenizibia riziki. Leo namshukuru, maana somo kubwa la kuandika nililipata chini ya gari bovu, si darasani. Nataka tuligawane somo hilo, ila njia yake ni ndefu kidogo na inapitia Uingereza. Vumilia.

Siku moja ililetwa Volkswagen kuukuu, ile ya mgongo wa mviringo waliyokuwa nayo baba zetu. Fundi mkuu, mzee wa maneno machache, akaniambia nipige jeki nyuma. Nikapiga. Gari likapanda, na matairi mawili ya nyuma, badala ya kuning'inia wima kama ya magari mengine, yakajikunja. Juu yakatanuka, chini yakaingia ndani, kama mbuzi aliyebebwa mgongoni akakunja miguu.

"Mzee, imevunjika hii!"

"Haijavunjika, dogo. Ndivyo ilivyozaliwa." Akafuta mikono kwa tambara. "Sasa wewe fikiria hiyo kitu inatokea kwenye kona, na uko ndani, una spidi. Ndiyo maana wakubwa zetu walitufundisha: kwenye kona usiachie mafuta ghafla. Ukiachia, unalala na gari."

"Na akilala, mkosaji nani?"

"Dereva," alisema mzee, bila hata kufikiri. "Siku zote dereva."

Jibu lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki chache baadaye, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba chini pale Posta, nikakuta kitabu chakavu cha mafundi. Juu kilikuwa na picha ya gari dogo la wazi, zuri la kukata na shoka, lenye milango miwili: Triumph Spitfire. Nikafungua katikati. Mchoro wa nyuma wa gari lile ulikuwa na ugonjwa uleule wa Volkswagen yetu. Nikalipa, nikaenda nacho, na tangu siku ile sijaacha kulifuatilia gari lile. Kisa chake kina mambo.

Tuanze mwanzo. Katika miaka ya 1950, mjini Coventry, katikati ya Uingereza, kulikuwa na kampuni iitwayo Standard-Triumph. Kampuni hii haikujitengenezea bodi zote za magari yake. Ilizinunua kwa wengine, na mmoja wa wauzaji hao alikuwa Fisher & Ludlow. Mwaka 1953 Fisher & Ludlow ikanunuliwa na BMC, mpinzani mkubwa wa Standard-Triumph. Hebu fikiria, wewe una mgahawa, na jirani mnayegombea wateja ananunua tanuri unakochukulia mkate. Ndivyo walivyojikuta.

Mhandisi mkuu wao, Harry Webster, akatafuta njia ya kupita. Kama hakuna wa kuwatengenezea bodi nzima, basi watatengeneza gari la vipande: chesisi imara chini, na juu yake vipande vya bodi kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, vifungwe kwa bolti. Kazi ya kuchora sura akapewa Mwitaliano, Giovanni Michelotti, bingwa wa kalamu. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Triumph Herald mwaka 1959. Lilikuwa gari dogo la familia, la heshima zake, linalogeuka katika duara la kama mita 7.6 tu. Madereva wa mjini walilipenda kwa hilo.

Lakini kulikuwa na nyuma yake. Webster alitaka matairi ya nyuma yajitegemee, kila moja lipande na kushuka peke yake lisimsumbue mwenzake. Ni jambo zuri hilo, hasa barabara ikiwa mbovu. Tatizo ni fedha. Njia ya bei nafuu kuliko zote ilikuwa ile iliyojulikana tangu mwanzoni mwa karne, ambayo mhandisi wa Austria, Edmund Rumpler, aliipatia hataza mwaka 1903, na ambayo Ferdinand Porsche aliitumia kwenye Volkswagen. Waingereza waliipa jina lenye maana ya ekseli ya kubembea.

Hapa naomba utulivu, maana ukikosa hapa umekosa kisa kizima. Chukua mikono yako miwili, inyooshe pembeni kama ndege, halafu simamisha viganja wima, vidole vikitazama juu. Mabega ndiyo difu, mikono ndiyo shafti, viganja ndiyo matairi. Sasa sema sheria moja: begani panakunjika, ila kifundo cha mkono kimekufa, hakikunjiki. Shusha mikono. Unaona? Viganja vimelala, upande wa chini umeingia ndani. Ndivyo ekseli ya kubembea ilivyo. Shafti ina jointi moja tu, pale kwenye difu. Gari likikaa chini limetulia, tairi liko wima. Nyuma ya gari ikiinuka, tairi linalala.

Na nyuma huinuka lini? Kwenye kona. Gari linapokata kona kwa kasi, uzito wote unakimbilia tairi la nje. Lami inalisukuma tairi lile kwa ndani, na kwa kuwa kifundo kimekufa, msukumo ule unapita kwenye shafti na kunyanyua difu, sawa na jeki ya Gerezani. Nyuma ikinyanyuka, tairi linaanza kulala. Likilala, linashika barabara kwa ukingo tu. Sasa dereva anaingiwa na hofu, anafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: anaachia mafuta, au anakanyaga breki. Uzito unakimbilia mbele, nyuma inapanda zaidi, tairi linakunja mguu moja kwa moja. Makalio ya gari yanatangulia mbele ya uso. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua.

Kwenye Herald, gari la baba anayepeleka watoto shule, ugonjwa huo ungeweza kulala miaka bila kuamka. Lakini wakubwa wa Coventry walikuwa wanaliangalia gari dogo la michezo ambalo BMC ililitoa mwaka 1958, Austin-Healey Sprite, likiuzwa kama maandazi ya asubuhi. Nao wakataka lao. Michelotti akachora, sampuli moja ikatengenezwa, kisha fedha zikakata. Sampuli ikafunikwa turubai, ikasukumwa pembeni kiwandani.

Mwaka 1961 kampuni ilichukuliwa na Leyland, watengenezaji wa malori na mabasi. Mmoja wa wakubwa wapya, Stanley Markland, alipokuwa akikagua kiwanda aliikuta sampuli ile kwenye kona, akafunua turubai, akaipenda, akaamuru itengenezwe. Oktoba 1962, kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court, London, likaonyeshwa kwa ulimwengu. Walilipa jina la ndege ya kivita iliyokuwa fahari ya Waingereza katika vita ya pili ya dunia: Spitfire.

Bwana wee, lilikuwa zuri! Kiuno chembamba, pua ndefu, na ukifungua boneti inainuka yote pamoja na mabawa ya mbele, injini inabaki uchi na unaweza kukaa juu ya tairi ukitengeneza. Injini yake ilikuwa ndogo, ya sisi 1147, lakini gari lenyewe lilikuwa jepesi, kilo kama 700 hivi, basi lilichomoka. Vijana wa Uingereza na Marekani wakalikimbilia. Wachache waliulizia mifupa. Mifupa ilikuwa ya Herald, chesisi iliyofupishwa, na nyuma ileile ya kubembea. Ugonjwa uliokuwa umelala chini ya gari la baba sasa ulikuwa umewekwa chini ya kijana wa miaka 20 mwenye haraka zake.

Nikiri upande wa pili pia, nisije nikaonekana napiga domo tu. Mwaka huohuo wa 1962, mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalishindwa na Tommy Fjastad kwa Volkswagen yenye nyuma hiyohiyo ya kubembea. Na mwaka 1965 magari ya Spitfire ya kiwanda yaliongoza daraja lao kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: mbona wenye ujuzi wanaliweza? Ndiyo, wanaliweza. Ila gari la dukani haliuzwi kwa Fjastad peke yake. Linauzwa kwa mimi na wewe.

Waandishi wa magazeti ya magari waliligundua jambo hilo mapema, wakawa wanaonya wasomaji: gari tamu, lakini kwenye kona usiachie mafuta. Ni maneno yaleyale ya mzee wa Gerezani. Na wenye magari hawakukaa mikono mapajani. Mafundi wa mitaani kule Uingereza na Marekani waliivalia njuga nyuma ile. Wengine waliinyoosha springi kidogo, au waliweka kipande cha chuma kati yake na difu ili gari likae chini zaidi. Gari likikaa chini, matairi yanaanza yakiwa yameegemea ndani kwa juu, basi yana safari ndefu zaidi kabla ya kufikia kulala. Wengine walifunga chini ya difu springi ya ziada, kama mkanda, kuyazuia matairi yote mawili yasishuke kwa pamoja. Wengine walibadilisha matairi yenyewe. Kila mtu na dawa yake, kila mtu na fedha yake mwenyewe mfukoni.

Wakati huo Marekani kuliwaka moto. Kampuni ya Chevrolet ilikuwa na gari liitwalo Corvair, lililotoka na ekseli ya kubembea na injini nyuma. Mwaka 1965 wakili kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu kuhusu usalama wa magari, na sura ya kwanza ilikuwa juu ya Corvair. Hoja yake ndiyo ile iliyokuwa imenikaa kooni: mbona kila ajali analaumiwa dereva, na chuma hakiulizwi swali? Alisema kampuni ziliufahamu ugonjwa huo na dawa ilikuwepo, ila dawa ilikuwa na gharama. Haki itendeke: serikali ya Marekani ilichunguza baadaye, na mwaka 1972 ikasema Corvair haikuwa mbaya kuliko magari mengine ya wakati wake iliyolinganishwa nayo, na mojawapo ya hayo ilikuwa Volkswagen. Waliitetea Corvair kwa kusema ndugu zake nao ni hivyohivyo! Mimi bado najiuliza kama huo ni utetezi.

Turudi Coventry. Mwaka 1966 Triumph walifanya jambo lililonishangaza kuliko yote. Walichukua mifupa ya Spitfire, wakaifunika kwa paa zuri lililoinama nyuma, wakatia injini ya silinda sita ya lita mbili. Wakaliita GT6. Nguvu imeongezeka, nyuma ni ileile. Ni sawa na kumpa mlevi pikipiki kubwa zaidi. Lawama za waandishi zikawa kali, na safari hii zikasikika.

Mwaka 1968 GT6 ikapewa nyuma mpya. Waliongeza mkono wa chuma wenye umbo la herufi V chini ya kila tairi, na kwenye kila shafti wakaweka kiungo cha raba kiitwacho Rotoflex, kinene kama andazi la duara lenye tundu. Kumbuka mikono yetu ya ndege: sasa kile kifundo kilichokufa kimefufuliwa. Springi inalishika tairi kwa juu, mkono unalishika kwa chini, na shafti inaweza kukunjika katikati. Mkono ukishuka, kiganja kinabaki karibu na wima. Ugonjwa umepona.

Na Spitfire? Spitfire haikupewa. Lilikuwa gari la bei nafuu, na dawa ile ilikuwa ghali. Vijana wa fedha ndogo wakaendelea kuambiwa: jifunzeni kuendesha.

Dawa yao ilikuja mwaka 1970, na hapa ndipo mimi nilipokiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Ilikuwa rahisi mno. Springi ya nyuma ya Spitfire ni moja tu, inalala kukingama juu ya difu kutoka tairi hadi tairi, na imetengenezwa kwa vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama ya lori. Tangu 1962 vyuma vyote hivyo vilikuwa vimebanwa kwa pamoja juu ya difu, havitikisiki. Mwaka 1970 wahandisi waliamua kubana kimoja tu, na vilivyobaki wakaviweka ndani ya kijisanduku kinachoweza kuyumba, kama ubao wa bembea ya watoto, huyu akishuka yule anapanda.

Ona akili yake. Gari likipita kwenye shimo na matairi yote mawili yakapanda pamoja, springi inafanya kazi nzima kama zamani, maana bembea haina pa kuyumbia. Lakini gari likilala upande kwenye kona, springi inayumba tu, haipingani. Kazi ya kuzuia gari lisilale upande ikahamishiwa mbele, ambako waliweka fimbo ya chuma nene zaidi ya kuunganisha matairi ya mbele. Kwa hiyo nyuma haibebeshwi mzigo wote kwenye kona, hainyanyuki kirahisi, na mguu haukunjiki kama zamani. Gari linalozidiwa kwenye kona linaanza kusukuma pua nje polepole, jambo ambalo hata mwanafunzi wa udereva analihisi na kulirekebisha, badala ya makalio kuruka ghafla. Mwaka 1973 wakaongeza shafti ndefu kidogo ili nyuma itanuke, na gari likatulia zaidi. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo hata GT6 ilivuliwa Rotoflex yake ya ghali na kuvikwa springi ya bembea, kwa sababu ilikuwa nafuu na ilitosha.

Sasa tufanye hesabu. Spitfire zilizotengenezwa jumla ni 314,332. Kati ya hizo, matoleo matatu ya kwanza, yaliyotoka kabla ya springi ya bembea, ni 148,482. Karibu nusu! Magari karibu laki moja na nusu yaliingia barabarani na onyo la mdomo badala ya dawa, kwa miaka minane, na dawa yenyewe ilikuwa kulegeza vyuma vilivyokuwa vimebanwa. Sisemi wale watu walikuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: wa kwanza alinyang'anywa bodi, wa pili hakuwa na fedha, wa tatu alikuta gari linauzwa vizuri hivyohivyo, na gari linalouzwa nani ataligusa? Kosa halikuwa na mwenyewe. Lilirithiwa, kama deni la marehemu, mpaka likamfikia kijana aliyekaa kwenye usukani.

Spitfire ya mwisho ilitoka Canley, Coventry, Agosti 1980. Kiwanda kile kiliacha kuunda magari. Lakini Spitfire zenyewe hazijafa. Wapenzi wake huko Ulaya na Marekani bado wanazifufua, na wengi wenye gari la kabla ya 1970 hulivua springi ya zamani na kulivika ya bembea. Nje linabaki la 1962, chini limepona. Kazi ambayo kiwanda kiliichelewesha miaka minane, wao wanaimaliza wikiendi moja kwa spana na jeki. Ila wanakumbushana jambo moja: usisahau ile fimbo nene ya mbele. Ukirekebisha nyuma ukasahau mbele, gari linalala upande kama mtumbwi. Ukigusa kitu kimoja kwenye gari, umegusa vyote.

Sasa, ndugu zangu tunaoandika, mnaona ninapoelekea. Nilikuwa na riwaya ya daftari tatu. Sura ya kwanza kila mtu kijiweni aliisifia. Maneno matamu, msichana mzuri, mvua ya Kariakoo inanyesha kama kweli. Wasomaji walikuwa wanaanguka sura ya tano. Nami nikawa nasema, hawa hawajui kusoma, wasome taratibu. Nilikuwa nawaambia wasiachie mafuta kwenye kona! Usiku ule wa kitabu cha Posta nilirudi kwenye daftari, sikugusa maneno matamu. Nilitafuta mfupa. Nikagundua shujaa wangu analipiza kisasi cha jambo ambalo hakulijua bado. Mfupa nilikuwa nimeuazima kutoka hadithi yangu ya zamani, ya kitu kingine kabisa, nikaufunika kwa bodi nzuri. Nimeubadilisha. Riwaya haijaisha, lakini kijiweni wanafika sura ya tisa sasa.

Na yule mzee nilimrudia na kitabu changu. Nilimwonyesha mchoro wa springi ya bembea. Aliutazama muda mrefu, akageuza kitabu upande huu na ule, akafuatisha vile vyuma kwa kidole chenye grisi.

"Kumbe walijua," alisema.

"Walijua, mzee."

Akanirudishia kitabu. Kisha akaniambia nipige jeki ile Volkswagen tena, safari hii taratibu, tuangalie vizuri chini.